Maswali ya wasomaji: Jukwaa la omo na winchi ya nanga kwenye boti ya zamani

Swali: Ndugu Mhariri, naomba nafasi katika safu yenu ya ufundi. Nina boti ya injini ya faibaglasi yenye urefu wa mita 8, iliyotengenezwa mwaka 1984. Haikuwekewa kitu omoni, yaani sehemu ya mbele ya boti, zaidi ya kigingi kimoja cha kufungia kamba na kifuniko cha chumba kidogo ambamo nanga na kamba yake hutupwa. Nanga ni ya kilo 10. Huivuta kwa mikono nikiwa nimepiga magoti sitahani, na kila inapopanda hugonga ganda la boti na kuliachia kovu jipya. Mgongo wangu sasa umekataa. Nataka kuongeza jukwaa dogo linalochomoza mbele ya omo, lenye roda ya kupitishia mnyororo, pamoja na winchi ya umeme ya kuvutia nanga. Fundi mmoja ameniambia kwamba ni kazi ya siku moja tu: kutoboa matundu, kukaza bolti na kuunganisha nyaya. Mwingine amenitisha kwamba sitaha ya boti kuukuu kama hii haiwezi kamwe kuhimili vitu hivyo. Nimsikilize nani, na nianzie wapi?

Jibu: Ndugu msomaji, pole kwa maumivu ya mgongo. Mafundi wako wamegawana ukweli: wa kwanza amezitaja kazi zilizo rahisi akaiacha iliyo ngumu, na wa pili ameiona iliyo ngumu akadhani haifanyiki. Sitaha ya boti ya umri huo inaweza kubeba jukwaa na winchi kwa miaka mingi, mradi ichunguzwe kwanza na iimarishwe inapostahili. Kwa hiyo usianze kwa kuchagua winchi. Anza kwa kujua nguvu zitapita wapi siku ambayo boti imelala nangani, upepo umechafuka, na mawimbi yanainua omo na kuiangusha.

Sitaha nyingi za faibaglasi za wakati ule zimetengenezwa kwa matabaka mawili membamba ya faibaglasi yaliyobana kiini cha mbao, ama plaiwudi ama balsa, mbao nyepesi na laini. Muundo huo ni mwepesi na mkakamavu, lakini adui yake ni maji yanayopenya kupitia tundu la skrubu. Yakishaingia hayana pa kutokea, na kiini huoza polepole huku sitaha ikionekana nzima. Chukua nyundo ndogo ya plastiki, gonga omo yote kidogo kidogo, na usikilize. Penye uzima mlio ni mkavu na wa juu. Penye kuoza mlio hudidimia, na nyundo hairuki mkononi. Kisha ingia chini ya sitaha ufungue bolti moja ya kile kigingi cha zamani, ambayo pengine haijaguswa tangu boti ilipotoka kiwandani. Ukikwangua ndani ya tundu ukapata unga mkavu wenye rangi ya mbao, shukuru. Yakitoka maji ya kahawia, au ujiuji mweusi wenye harufu ya uozo, basi umeshaipata kazi yako ya kwanza, na winchi itasubiri.

Kiini kilichooza hakiponi kwa kumiminiwa gundi kupitia vitundu, ingawa njia hiyo husifiwa sana na wanaotaka kazi iishe haraka, kwa sababu epoksi haishiki mbao iliyolowa. Kata tabaka moja la faibaglasi, la chini ikiwa unalifikia na la juu ikiwa hulifikii, ondoa kiini kibovu chote mpaka ufike kwenye mbao kavu, jaza plaiwudi ya baharini iliyopakwa epoksi pande zote, kisha funika kwa faibaglasi mpya. Mahali pa winchi na jukwaa mimi sirudishi balsa hata kama ndiyo iliyokuwapo, kwa kuwa bolti ikikazwa huibonyeza na kuisaga. Na hata pale sitaha ilipo nzima, kila tundu la bolti litobolewe kwanza kwa kipimo kikubwa kuliko bolti, kiini kikwanguliwe kidogo pembeni, nafasi hiyo ijazwe epoksi iliyokolezwa, na ikishakauka ndipo litobolewe tena kwa kipimo halisi. Kwa njia hiyo bolti hupita ndani ya epoksi ngumu, na maji hayaifikii mbao hata gundi ya kuziba itakapochoka.

Sasa tuje kwenye jukwaa lenyewe. Wengi hulitazama kama ubao wa kukanyaga tu, kumbe ni wenzo. Tuseme limechomoza sentimita 40 mbele ya ncha ya omo, na bolti zake za nyuma kabisa ziko sentimita 80 nyuma ya ncha hiyo. Roda ikivutwa kwenda chini kwa nguvu sawa na uzito wa kilo 200, bolti za nyuma zitavutwa kwenda juu kwa kilo 100, na sitaha pale nchani itagandamizwa kwa kilo 300. Fupisha sehemu ya ndani iwe sentimita 20, na mvuto uleule utazing'oa bolti za nyuma kwa kilo 400 na kuigandamiza ncha ya omo kwa kilo 600. Ndiyo sababu nashikilia kwamba sehemu iliyolala juu ya sitaha isipungue mara mbili ya ile inayoning'inia. Umbo la omo lisiporuhusu, weka fito ya chuma kutoka chini ya jukwaa hadi kwenye pete ya omo inayotumika kuvutia boti kwenye trela, lakini hakikisha kwanza kwamba pete hiyo imekazwa kwa bolti zenye bamba nene kwa ndani.

Kuna jambo jingine ambalo boti za zamani hulificha, nalo ni kiungo cha sitaha na ganda chini ya ule ukanda wa mpira unaozunguka boti. Katika boti nyingi kiungo hicho kimeshikwa kwa skrubu au ribiti zilizopangwa mbalimbali, na omoni ndipo hupata vishindo vingi zaidi. Ondoa ukanda huo kwa urefu wa mita moja kila upande, tazama kama ribiti zimelegea, na uziondoe zilizolegea uweke bolti zenye nati na washa kabla ya kulikalisha jukwaa juu yake.

Urefu wa kuchomoza huamuliwa na nanga, si na macho. Kata mfano wa jukwaa kwa plaiwudi ya bei rahisi, ufunge roda ya muda, ulibane omoni kwa jiliwa, kisha mwambie mtu aivute nanga taratibu kwa kamba huku wewe ukitazama kutoka kwenye kiboti kidogo au gatini. Utaona wazi kama makucha ya nanga yanalipita ganda au yanaligusa, na kama nanga inajigeuza yenyewe na kulala sawa juu ya roda. Nanga ya umbo la jembe, ya ukoo wa ile iliyobuniwa na mwanafizikia Mwingereza Geoffrey Ingram Taylor mwaka 1933, huwa tiifu sana kwenye roda. Nanga bapa ya aina ya Danforth hushika vyema mchangani na matopeni, lakini mabamba yake hupigapiga inapopanda, na ile yenye tao la chuma mgongoni inaweza kugoma kupita chini ya reli. Ikiwa unakusudia kubadilisha nanga, ibadilishe kabla ya kujenga jukwaa. Kumbuka pia kwamba boti itakuwa imerefuka: wanaotoza nafasi ya gati kwa mita watalipima jukwaa, na kampuni ya bima inafaa ijulishwe.

Kwa ukubwa wa winchi, hesabu ni nyepesi. Nanga yako ni kilo 10. Mnyororo wa milimita 8 una uzito wa takriban kilo 1.4 kwa mita, kwa hiyo mita 15 ni kilo 21. Kamba ya nailoni ya milimita 14 yenye urefu wa mita 50 huongeza takriban kilo 6. Jumla ni kilo 37. Desturi ni kuzidisha mara 3. Mimi huzidisha mara 4, kwa kuwa matope yaliyoganda kwenye nanga hayamo katika hesabu, na hapo tunafika karibu kilo 150. Soma kwa makini karatasi ya winchi, kwa sababu watengenezaji huandika nguvu ya juu kabisa kwa tarakimu kubwa, na nguvu ya kazi ya kawaida, ambayo ni ndogo mno kuliko hiyo, kwa tarakimu ndogo pembeni.

Winchi ni za aina mbili. Ya wima huweka mota chini ya sitaha, na mnyororo hulizunguka gurudumu lake kwa nusu mduara, kwa hiyo pete nyingi zaidi hushikwa kwa wakati mmoja. Ya mlalo hukaa yote juu ya sitaha, mnyororo hulishika gurudumu kwa takriban robo mduara, na ufungaji wake ni rahisi zaidi. Uamuzi hautokani na kuipenda hii au ile, bali na kina cha chumba cha mnyororo. Mnyororo unapoingia hujikusanya kama kichuguu chini ya tundu, na kichuguu hicho kikifika juu, mnyororo hukwama na winchi hujisaga bure. Tia mnyororo na kamba yote ndani, upime kutoka kilele hadi chini ya sitaha: pasipobaki walau sentimita 30, winchi ya wima, ambayo mota yake nayo itachukua nafasi humohumo, haikufai. Kwa boti ya mita 8 yenye omo nyembamba, nadhani utaishia kwenye ya mlalo.

Mnyororo sharti ulingane na vishimo vya gurudumu, wala haitoshi kusema ni wa milimita kadhaa. Mnyororo wa milimita 10 wa kipimo cha DIN 766 una pete zenye hatua, yaani urefu wa ndani wa pete moja, ya milimita 28, na wa kipimo cha ISO 4565 una hatua ya milimita 30. Gurudumu la mmoja litaurukisha mwingine. Mnyororo na kamba viunganishwe kwa kusukwa, kwa kuwa kiungo cha chuma cha kufunga kwa pini hakipiti kwenye gurudumu. Roda, winchi na tundu la mnyororo viwe katika mstari mmoja ulionyooka, na ikiwa roda iko juu au chini ya gurudumu, inua winchi kwa kipande cha plaiwudi kilichofunikwa epoksi mpaka mnyororo uingie ukiwa sambamba na sitaha.

Chini ya sitaha weka bamba la kupokea bolti: plaiwudi ya baharini ya milimita 18 iliyofungwa kwa epoksi, au alumini ya milimita 6, yenye pembe zilizoviringwa ili isikate faibaglasi. Kwa kuziba maji tumia gundi ya polisalfaidi, inayofunguka ukihitaji kuitoa winchi siku moja. Ile ya poliyurethani hushika kiasi kwamba utang'oa faibaglasi pamoja nayo, na silikoni usiilete karibu na kazi hii. Kama kasha la winchi ni la alumini, tia mpira kati yake na chuma kingine chochote, maana alumini ikigusana na chuma kisichoshika kutu penye maji ya chumvi huliwa.

Nimeacha kwa makusudi jambo ninaloliona kubwa kuliko yote. Winchi si mahali pa kufungia boti. Kazi yake ni kuinua nanga tu, na gia zake hazikutengenezwa kupokea vishindo vya boti nzima usiku kucha. Nanga ikishashika, kamba ihamishiwe kwenye kigingi, au, ikiwa ni mnyororo, utiwe kulabu yenye kipande cha kamba ya nailoni kilichofungwa kwenye kigingi, ili nailoni imeze vishindo kwa kuvutika kwake. Kwa hiyo kigingi chako cha mwaka 1984 ndicho kitakachobeba boti. Kifungue, ukikague, ukipe bamba jipya chini yake, na ikiwezekana uongeze cha pili. Mwenye kutumia fedha zote kwenye winchi inayong'aa na kukiacha kigingi kwenye washa mbili zilizoliwa na kutu amebadilisha kitu kisichokuwa hatarini.

Swali: Winchi yangu ya volti 12 na wati 1,000 ilifungwa na fundi wa magari. Betri ziko nyuma karibu na injini. Inapovuta hunguruma kwa unyonge, taa za boti hufifia, na mara mbili nyaya zimepata moto hadi zikanuka. Je, winchi ni mbovu? — Msomaji mwenye boti ya mita 8

Jibu: Huenda winchi ni nzima na nyaya ndizo zinazoitia njaa. Wati 1,000 kwa volti 12 ni takriban ampea 83, na mota ikikwama hudai zaidi ya hapo. Umeme huo husafiri mita 8 kwenda na mita 8 kurudi, na watu wengi huisahau safari ya kurudi wanapochagua unene wa waya. Kwa ampea 80 katika mita 16 za shaba, waya wa milimita mraba 10 hupoteza takriban volti 2.2 njiani, wa 16 hupoteza 1.4, wa 25 hupoteza 0.9, na wa 35 hupoteza 0.65. Kwa kawaida winchi huvumiliwa upotevu usiozidi asilimia 10, yaani volti 1.2, kwa hiyo waya wa 25 unapita, na wa 35 ndio ningeuweka mimi. Mota inayopata volti pungufu huzunguka polepole, hupata moto, na maisha yake hufupika.

Waya uliopata moto hadi kunuka usitumike tena, hata kama ngozi yake haijayeyuka. Uwe wa shaba iliyopakwa bati, kwa kuwa shaba tupu huwa nyeusi ndani ya ngozi yake kwa chumvi, na ncha zake zibanwe kwa koleo maalumu badala ya kulehemiwa kwa risasi pekee. Karibu kabisa na betri weka sakiti breka ya kurudishwa kwa mkono, ya kiwango alichotaja mtengenezaji wa winchi. Inalinda waya usiwake, na ukiifungua wakati wa safari winchi haiwezi kuanza yenyewe. Jambo ninaloliona mara nyingi katika kazi za mafundi wa magari ni lile kasha la rilei linalogeuza mzunguko wa mota: hulifunga ndani ya chumba cha mnyororo kwa sababu ndiko winchi iliko. Huko ni unyevu na chumvi muda wote. Lihamishie upande wa pili wa ukuta, mahali pakavu, hata kama waya utaongezeka kidogo.

Wapo wanaoshauri betri ya pili omoni ili kukwepa waya mnene. Kwa boti ndogo siupendi ushauri huo. Mnyororo, jukwaa na winchi tayari vimeilemeza omo, na betri hiyo bado itahitaji waya wa kuichaji, fyuzi yake na sanduku lake lenye hewa. Tumia betri za nyuma, na uvute nanga injini ikiwa inaunguruma ili alternata, jenereta ya injini inayochaji betri, isaidie.

Swali: Mume wangu hushika usukani na mimi ndiye ninayekwenda omoni. Sasa tumefunga winchi, naye anataka swichi iwe kwenye usukani ili mimi nisisogee huko kabisa. Je, ni busara? — Msomaji wa siku nyingi

Jibu: Dada, swichi ya usukani ni msaada mzuri wakati wa kushusha nanga, lakini wakati wa kuivuta anayeishika swichi hana budi kuiona nanga, na kutoka kwenye usukani wa boti nyingi haionekani. Nanga ikifika kwenye roda huku mtu bado amebonyeza, jukwaa lote hupokea nguvu ya winchi kwa kishindo. Wekeni swichi ya mguu omoni yenye kifuniko, isikanyagwe kwa bahati mbaya, na ile ya usukani ibaki kuwa ya akiba.

Mume wako naye ana kazi yake. Winchi haipaswi kuivuta boti kuifuata nanga. Yeye ndiye anayesogeza boti mbele taratibu kwa injini, wewe ukimwonyesha kwa mkono mnyororo unakoelekea, na winchi hukusanya ule uliolegea. Mnyororo ukisimama wima na nanga ikigoma kutoka, acha kubonyeza, ufunge mnyororo kwenye kigingi, ukae kando, naye aisukume boti mbele kidogo ili nanga ing'oke kwa nguvu ya boti. Nywele zifungwe, leso na mikono mirefu ya nguo viwe mbali na gurudumu, na mnyororo ukikwama usiuguse kabla sakiti breka haijafunguliwa.

Nanga ikishalala juu ya roda, itieni pini inayopita kwenye mkono wake na mashavu ya roda, kisha muifunge kamba fupi kwenye kigingi. Msiiache ishikwe na breki ya winchi peke yake, kwa sababu boti inapopiga mawimbi kwa mwendo mkali breki hulegea, na nanga ikianguka wakati huo huweza kutoboa ganda au kuigeuza boti ghafla watu wakiwa wamesimama.